Nimeambiwa nichague watu wa mradi: nianzie kwa nani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Nimeteuliwa kuongoza mradi wa miezi tisa wa kuhamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wetu wa zamani kwenda mfumo mpya. Nimeruhusiwa kuchukua watu wasiozidi tisa: wanane kutoka idara zetu na mmoja wa kuajiriwa kutoka nje. Nina orodha ya majina kumi na manne. Mkurugenzi anasema nichukue vichwa wa kila idara, yaani wale wenye uwezo mkubwa kuliko wenzao, mengine yatajipa. Shida ni kwamba mmoja wa vichwa hao, anayeujua mfumo wa zamani kuliko mtu yeyote, anasifika kwa kuwavunja moyo wenzake; wawili waliofanya naye kazi waliomba kuhamishwa. Kwenye orodha yumo pia rafiki yangu wa siku nyingi, mchapakazi. Nikimchukua watu watasema, nikimwacha nitajuta. Idara ya rasilimali watu imeniletea mtihani wa haiba ambao wanasema utanionyesha nani anaendana na nani. Mimi mwenyewe nimezoea kumsoma mtu tukikaa tukazungumza, na sijakosea mara nyingi. Nichague vipi?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali matano kwa mkupuo, lakini naona wasiwasi wako ni mmoja: kwamba unaweza kuchagua watu wazuri mmoja mmoja, kisha ukajikuta na kundi la watu wazuri lisilofanya kazi. Wasiwasi huo una msingi, pengine kuliko ushauri uliopewa na mkurugenzi wako. Kwa kuwa una tarehe inayokukimbiza, natanguliza jibu fupi. Chukua watu sita, si tisa. Mjuzi wa mfumo wa zamani mtumie, ila usimweke ndani ya timu kabla hujajua kwa nini wale wawili walihama. Rafiki yako apimwe kwa kipimo kile kile cha wengine, na anayempima asiwe wewe. Mtihani wa haiba urudishe. Na yale mazungumzo unayoyaamini ni kifaa dhaifu kuliko unavyodhani, ingawa yanaweza kunolewa. Sasa nieleze sababu, maana bila sababu hutakuwa na la kumjibu mkurugenzi.

Tuanze na vichwa. Mwaka 2014 watafiti wakiongozwa na Roderick Swaab walichunguza timu za taifa za soka, timu za mpira wa kikapu za NBA na timu za besiboli za Marekani. Katika soka na kikapu, kuongeza nyota kulisaidia mpaka kiwango fulani, kisha matokeo yakaanza kushuka. Katika besiboli hayakushuka. Waandishi hao walieleza tofauti hiyo kwa kutegemeana: mpiga gongo wa besiboli husimama peke yake mbele ya mpira, lakini mshambuliaji wa soka asiyeletewa pasi ni mtazamaji aliyevaa jezi. Kazi inapowataka watu wapeane mpira, na kila mmoja amezoea kuwa wa mwisho kuugusa, nguvu nyingi huishia kwenye kugombea nani ni nani.

Kwa hiyo muulize mkurugenzi wako: kazi hii ni ya aina gani? Ingekuwa kazi ambayo kila mtu anafanya fungu lake na mwishoni mnajumlisha, mfano mawakala wa mauzo kila mmoja na wateja wake, ushauri wake ungekuwa sahihi kabisa na ningekuambia chukua vichwa ulale. Kuhamisha kumbukumbu si hivyo. Kuna anayejua kila msimbo wa zamani unamaanisha nini, kuna anayesafisha taarifa, kuna anayeandika kanuni za kuzigeuza ziingie mfumo mpya, kuna anayejaribu, na kuna anayekaa na watumiaji kuwaeleza kwa nini skrini imebadilika. Kosa la wa kwanza huonekana kwa wa nne. Hakuna anayeweza kung'aa peke yake hapo.

Kuna jambo la pili kuhusu nyota ambalo mameneja wengi hawalipendi. Boris Groysberg wa Harvard alifuatilia wachambuzi wa hisa wa Wall Street waliokuwa wanaongoza kwa sifa, akaona kwamba wengi walipohama kampuni kiwango chao kilishuka. Waliohama pamoja na wenzao wa kazi walishuka kidogo. Sehemu ya kung'aa kwao ilitoka kwa watu waliowazunguka: aliyewaandalia takwimu, aliyewafungulia milango, aliyewakosoa kabla ripoti haijatoka. Kichwa wa idara ya fedha ni kichwa ndani ya idara ya fedha. Ukimng'oa ukamleta kwako, hujui bado umeng'oa na mizizi kiasi gani.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi uchukue watu wapole wasiojua kazi. Upole hauhamishi kumbukumbu. Uwezo ni sharti la kuingia mlangoni, na mtu asiyefikia kiwango asikuliwaze kwa tabasamu. Ninachosema ni kwamba ukishapata watu waliovuka kiwango hicho, kuendelea kushindanisha nani ana akili zaidi hakukusaidii sana, na hapo ndipo upime mambo mengine.

Mambo gani? Hili usilijibu ukiwa unaangalia majina. Weka orodha pembeni, chukua karatasi, uandike safari ya kumbukumbu moja ya mteja kutoka mfumo wa zamani mpaka mpya. Kila inapotoka mkononi mwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, weka alama. Mradi wako utafia kwenye alama hizo, au utaponea hapo. Mfano: zikipatikana kumbukumbu mbili zinazoonekana ni za mteja mmoja, nani anaamua ziunganishwe? Anaamua kwa kanuni gani? Anayeandika programu ya kugeuza taarifa atajuaje kwamba uamuzi umebadilika? Ukishaziona alama hizo, andika kwa kila kiti mambo mawili au matatu ambayo mtu lazima awe nayo siku ya kwanza, na uyatenge na yale anayoweza kujifunza ndani ya wiki chache. Tangazo la kazi lenye sifa kumi na nane huonyesha kwamba aliyeliandika hakufanya kazi hii.

Ukimaliza zoezi hilo nadhani utakuta viti sita. Nasisitiza idadi kwa sababu kuruhusiwa tisa si amri ya kuchukua tisa. Watu sita wana jozi 15 za watu wanaopaswa kuelewana. Watu tisa wana jozi 36. Umeongeza watu kwa nusu, na njia za kupoteza ujumbe zimezidi mara mbili. Richard Hackman, aliyetumia maisha yake kuchunguza timu, alishauri timu isifike tarakimu mbili kabisa, na darasani kwake hakuruhusu kundi la wanafunzi zaidi ya sita. Kuna pia suala la kutegea. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu wakivuta kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, kila mmoja alivuta kwa nguvu ndogo kuliko alipokuwa peke yake. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake walirudia wazo hilo kwa kuwataka watu wapige makofi na kelele, na hali ikawa ile ile. Usidhani wategaji ni watu wa tabia fulani unaoweza kuwachuja kwenye usaili. Mtu yule yule anayejituma akiwa peke yake hulegea mchango wake usipoonekana. Dawa ni kuwa wachache, na kila kipande cha kazi kiwe na jina la mtu mmoja.

Sasa nifike kwenye sehemu utakayonikasirikia: jicho lako. Unasema hujakosea mara nyingi. Umejuaje? Uliowachagua unawaona, na kwa kuwa uliwaamini uliwapa nafasi nzuri, ukawasamehe mapema, ukawasaidia. Uliowakataa hukuwahi kuona wangefanya nini. Mtu anayepata majibu ya upande mmoja tu hawezi kujua jicho lake linaona mbali kiasi gani.

Mwaka 2013 Jason Dana na wenzake walifanya jaribio ambalo huwasimulia mameneja wote ninaowafundisha usaili. Waliwaomba watu wawasaili wanafunzi kwa mazungumzo huru, kisha wabashiri alama zao za masomo. Baadhi ya wanafunzi, bila wasaili kujua, walijibu maswali ya ndiyo na hapana kwa kufuata utaratibu wa kubahatisha usiohusiana na ukweli wao. Wasaili hawakushtuka. Waliona wamemjua mtu vizuri kama kawaida. Na ubashiri wao, hata pale wanafunzi walipojibu ukweli, ulikuwa mbaya kuliko kuangalia tu alama za nyuma za mwanafunzi huyo. Akili yetu haivumilii kukaa bila hadithi, kwa hiyo huchukua vipande vyovyote ilivyopewa na kuvishona. Miaka mingi kabla, mwaka 1920, Edward Thorndike alikuwa ameonyesha jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa askari alama: aliyeonekana mzuri kwa jambo moja alipewa alama nzuri kwa mengine yote, hata yasiyohusiana. Msailiwa anayesalimia kwa kujiamini na kucheka unapocheka ataonekana pia makini, mwaminifu na mwenye kufikiri haraka.

Kwa takwimu, mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti nyingi za njia za kuchagua wafanyakazi. Kipimo chao huanzia 0, maana yake njia haikuambii kitu kuhusu utendaji wa baadaye, hadi 1, maana yake inakuambia kila kitu. Usaili wenye mpangilio ulipata wastani wa 0.42, jaribio la kazi yenyewe 0.33, usaili wa mazungumzo huru 0.19. Miaka ya uzoefu, ile tunayoiandika kwanza kwenye kila tangazo, ilipata 0.07. Angalia pia kwamba hata njia iliyoongoza iko mbali na 1. Utakosea, hata ukifanya kila kitu sawasawa, ndiyo maana utahitaji nafasi ya kurekebisha.

Usaili wenye mpangilio si jambo la kutisha. Andika maswali sita au saba yanayotoka kwenye zile alama zako za makabidhiano, umuulize kila mtu maswali yale yale kwa mfuatano ule ule. Muwe wasaili wawili. Kila mmoja aandike alama ya swali hili kabla ya kwenda swali linalofuata, na msiambiane alama mpaka mwisho. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, akiwa kijana mdogo katika jeshi la Israeli miaka ya 1950, aliwapangia wasaili utaratibu wa namna hii: sifa sita, kila moja na alama yake, moja baada ya nyingine. Wasaili walilalamika kwamba amewageuza mashine, akawakubalia mwishoni wafumbe macho na kutoa alama moja ya hisia zao. Kumbe hisia hiyo, ikija baada ya kazi ya kupima, nayo ilikuwa na thamani. Kwa hiyo jicho lako silitupi, nalisogeza tu lije mwisho.

Uliza yaliyotokea, usiulize yatakayotokea. "Ungefanya nini mwenzako akikosea?" huleta hotuba. "Nieleze mara ya mwisho ulipopokea kazi yenye makosa kutoka kwa mwenzako, ulifanya nini siku hiyo?" huleta tukio, na tukio lina maelezo ambayo ni vigumu kuyatunga papo kwa papo. Akieleza kila kitu kana kwamba kundi zima lilifanya kwa pamoja, muulize kwa upole yeye alishika wapi. Na muulize pia uamuzi aliowahi kuubadilisha baada ya mtu mwingine kumwonyesha kosa. Asiyekumbuka hata mmoja amekueleza jambo kubwa.

Jaribio la kazi ndilo ningelitumia zaidi katika mradi wako, ingawa katika takwimu zile halikuongoza, kwa sababu kazi yako inajaribika kwa urahisi mno. Chukua kumbukumbu mia moja za zamani, majina na namba za wateja zikiwa zimefutwa au kubadilishwa. Pandikiza makosa: tarehe zilizogeuzwa, mteja aliyeandikwa mara mbili, msimbo ambao hauelezwi popote. Mpe mtu saa moja na maelekezo ambayo kwa makusudi hayajakamilika. Halafu usihesabu makosa aliyoyapata tu. Tazama anachofanya akikuta kitu kisichoeleweka. Wengine watauliza. Wengine wataandika pembeni kwamba hapa nimekisia, sababu hii. Na wengine watakisia kimyakimya na kuendelea, wakamaliza mapema, kazi safi, ukavutiwa. Wa mwisho hao ndio wa kuogopa. Katika kuhamisha taarifa, ukisiaji wa kimya haujulikani mpaka mteja apige simu baada ya miezi mitatu akiuliza salio lake limekwenda wapi, na wakati huo mfumo wa zamani umeshazimwa.

Kwa wale walio ndani ya ofisi una hazina ambayo msaili wa nje hana: watu wanaopokea kazi yao kila siku. Mameneja wengi humwendea bosi wa mtu. Mwendee anayefuata kwenye mnyororo. Maswali mawili yanatosha: kazi yake ikikufikia, huwa unalazimika kuirudia? Na akikwama, unajua siku gani? Jibu la swali la pili ni zuri kuliko wasifu wa kurasa nne.

Nirudi kwa mjuzi wako, kwa sababu hapa hakuna jibu la kitabuni. Will Felps na wenzake walipitia tafiti mwaka 2006 kuhusu mwanakikundi mmoja anayeharibu wengine, wakataja aina tatu: asiyetoa juhudi, anayemwaga hisia mbaya muda wote, na anayevunja heshima ya wenzake. Mmoja tu anaweza kulivuta kundi zima chini, hasa pale wenzake wasipokuwa na uwezo wa kumrekebisha wala kumwondoa. Njia yake ni rahisi kuielewa. Mtu akidhihakiwa mara moja kwa kuuliza, wengine wanaotazama hujifunza kutouliza. Amy Edmondson, alipochunguza vikosi vya wauguzi hospitalini miaka ya 1990, alishangaa kuona vikosi vyenye uongozi mzuri vikiripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba huko watu walikuwa huru kuyasema. Sasa unganisha hilo na yule mkisiaji wa kimya. Ukiwa na mtu anayefanya kuuliza kuwe aibu, hata waulizaji wazuri uliowachagua kwa shida watageuka wakisiaji.

Lakini mtendee haki. Wawili kuomba uhamisho ni ishara, bado si hukumu. Nimewahi kukuta watu walioitwa wagumu ambao kosa lao lilikuwa kukataa kupokea kazi mbovu, au kubeba kazi ya watu watatu mpaka ulimi ukakosa breki. Nenda kwa wale wawili, mmoja mmoja, uwaombe tukio na si sifa. Alisema nini, wapi, mbele ya nani? Wakikuambia "alinirudishia kazi mara tatu", hilo ni jambo moja. Wakikuambia "aliniuliza mbele ya wote kama nilifika shule", hilo ni jambo lingine.

Baada ya hapo una njia tatu. Unaweza kumweka ndani, ukiwa umekaa naye kwanza, umemtajia tabia zisizokubalika kwa majina yake, na mmekubaliana tarehe ya kutazama upya. Njia hii ina heshima, ila itahitaji uwe mwepesi wa kuchukua hatua mara ya kwanza akivuka mpaka. Kama unajijua huwa unasogeza mambo mbele, usiichague. Unaweza kumwacha kabisa, na ukapoteza maarifa ambayo hakuna mwingine anayo. Au unaweza kumweka pembeni ya timu kama mshauri: vikao viwili kwa wiki, ajenda iliyoandikwa, mtu mmoja mtulivu wa kumhoji na kuandika kila anachokijua. Mimi ningechagua hii ya tatu, na sababu yangu kubwa hata si tabia yake. Mradi unaotegemea kichwa cha mtu mmoja uko hatarini hata mtu huyo akiwa malaika. Anaweza kuugua, anaweza kupata kazi kwingine mwezi wa tano. Kuandika anachokijua ni kazi ambayo ungelazimika kuifanya kwa vyovyote. Ila mwambie waziwazi unampa nafasi gani na kwa nini. Akigundua mwenyewe kwamba amewekwa kando, utakuwa umemtengeneza adui mwenye funguo zote.

Rafiki yako ni suala jepesi kuliko unavyolihisi. Mwandikie mkurugenzi mistari miwili kwamba huyu ni rafiki yangu, naomba mtu mwingine ampe alama. Akivuka, mchukue bila kuomba radhi kwa mtu. Jiulize tu swali moja kabla ya kusaini: mwezi wa nne akiwa hafanyi vizuri, nitaweza kumtoa? Kama jibu linasitasita, mwache, na umweleze mwenyewe uso kwa uso.

Kuhusu mtihani wa haiba sitachukua muda. Vipimo vinavyowagawa watu katika makundi yenye herufi, kama Myers-Briggs, havifai kuchujia waombaji wa kazi, na wachapishaji wa kipimo hicho wenyewe wanasema kisitumike kuajiri. Vipimo vingine vinavyopima umakini na bidii vina uhusiano kiasi na utendaji, karibu sawa na mazungumzo yako huru, lakini havikuambii "nani anaendana na nani". Na neno hilo la kuendana lichunge. Mara nyingi tunapodai mtu anaendana nasi tunamaanisha anafanana nasi. Watu wanaofanana huelewana haraka na hukosea pamoja.

Kinachoelekea kulisaidia kundi ni kitu kingine. Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake waliwapima watu 699 katika makundi madogo kwa kazi za aina mbalimbali. Wastani wa akili za wanakikundi ulikuwa na uhusiano dhaifu na matokeo ya kundi. Makundi yaliyofanya vizuri yalikuwa na watu wanaosoma hisia za wengine, na mazungumzo hayakutekwa na wachache. Watafiti wengine wamebishana baadaye kuhusu ukubwa wa jambo hilo, kwa hiyo usiligeuze kanuni ya chuma, lakini unaweza kulitazama kwa gharama ndogo. Waweke wanne kati ya waliobaki kwenye chumba kimoja, uwape tatizo halisi la mradi kwa dakika arobaini, ukae kona. Nani anamgeukia aliyenyamaza na kumuuliza anaonaje? Nani anarudia wazo la mwenzake kana kwamba ni lake? Wakati huohuo usimkate mtu mkimya kwa kuwa mkimya. Tazama kama anaposema, anachosema kinabadilisha mwelekeo.

Yule wa kutoka nje mwache awe wa mwisho. Ukishawapata watano wa ndani ndipo utajua tundu liko wapi. Kwa wadhamini wake usiulize "unamwonaje", maana wote watamsifu. Uliza ni kazi gani wangempa leo bila wasiwasi na ipi wangemsimamia. Na kipindi cha majaribio kitumie kweli, si kwa kuandika barua siku ya mwisho.

Jambo moja kuhusu wiki za mwanzo. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, katika uchambuzi wake wa mwaka 1994 wa ajali kubwa za ndege, ilikuta kwamba pale taarifa zilipopatikana, karibu robo tatu ya ajali hizo zilitokea siku ya kwanza ya rubani na msaidizi wake kuruka pamoja. Walikuwa marubani waliohitimu. Walichokosa ni kuzoeana. Kwa hiyo ukiona kwenye orodha yako watu wawili waliofanya kazi pamoja na wakafanya vizuri, kuwachukua wote wawili kuna faida kuliko alama zao zinavyoonyesha. Na usianze na wateja wakubwa. Hamisheni tawi moja dogo kwanza, lile ambalo kosa lake linasahihishika kwa siku moja.

Kuna mambo ambayo barua yangu haitoshi na unahitaji kukaa na mtu. Kama wale wawili watakusimulia matusi, vitisho au unyanyasaji wa aina yoyote, usijaribu kulitatua kwa kupanga viti. Nenda rasilimali watu na maelezo yaliyoandikwa, siku hiyo hiyo. Kama wenzako wanasisitiza mtihani utumike, waombe mwanasaikolojia wa kazi aliyefuzu awaeleze unapima nini, na mwanasheria wa kazi awaambie sheria yenu inaruhusu nini, kwa kuwa nchi nyingi zinadai kipimo kihusiane na kazi yenyewe. Fanya hivyo pia kabla ya kumuuliza msailiwa yeyote kuhusu afya, ujauzito, ndoa au dini. Bora usiulize kabisa.

Ukishaamua, waite wale wa ndani ambao hukuwachukua, mmoja mmoja, kabla majina hayajabandikwa. Mweleze kila mmoja kiti kilihitaji nini na alama zake zilisimama wapi. Kuelekea mwezi wa saba utatafuta watumiaji wa kuujaribu mfumo kabla haujafunguliwa, na wengi wa utakaowabishia hodi watakuwa ni hao hao.